Viti Viwili Hadi Overport

Dada Zawadi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini mimi hata sijui nikuulize hali ya wapi. Mchungaji anasema uko kwa Bwana. Mama anasema uko kwenye baridi. MaGumede, yule mteja wangu wa saluni, anasema tangu Jumamosi iliyopita uko humu ndani pamoja nami, na juzi alipokuja kunitembelea alikuamkia wewe kwanza, mimi baadaye. Nimechanganyikiwa, dada. Na kila nilipochanganyikiwa, wewe ndiye uliyekuwa ukinikalisha chini na kuniambia, "Anza mwanzo." Basi naanza mwanzo.

Tangu ulipoondoka kitanda chetu kimekuwa kikubwa mno. Bado nalala upande wa ukutani, nakuachia wako, halafu asubuhi najiona mjinga. Bibi wako wa Westville amepata msichana mwingine wa kumtunza. Ni mtoto mwenye adabu, ila anamsomea vitabu kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nilipokwenda kuchukua nguo zako za kazi nilimkuta bibi amefumba macho, na msichana aliporuka ukurasa, bibi akasema, "Hapana, Zawadi, rudi nyuma." Msichana akarudi nyuma. Mimi nilikwenda kulia bafuni kwao.

Sasa hili la MaGumede. Nilikuwa nimemsuka nusu ya kichwa aliponipa pole na kuniuliza ulifia wapi. Nikamweleza kuwa ulifia kule juu, kwenye kile kijiji cha ukungu, kwenye nyumba ya yule mwandishi wa kitabu ulichokuwa ukimsomea bibi. Nikamwambia ulikwenda peke yako siku yako ya mapumziko, ukakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, moyo ukasimama.

"Halafu nani alikwenda kumchukua?" akauliza.

Nikasema gari lilikuleta, tukakuzika hapa hapa Durban.

"Eish, hiyo ni maiti, dada yangu. Nauliza yeye mwenyewe."

Nikabaki na nywele mkononi. Alinieleza kwamba kwao mtu akifia mbali na nyumbani hubaki pale pale alipoangukia, hajui njia, mpaka mtu wake amwendee na tawi la mti wao, umlahlankosi. Unafika pale, unamwambia nimekuja, twende. Ukishamwambia, huongei na mtu mwingine yeyote hadi mfike. Unaongea naye tu, unamtajia kila kona na kila mto ili asipotee. Kwenye teksi unamlipia kiti chake. Na mlangoni unamwambia, "Tumefika nyumbani." Usiposema neno hilo atasimama nje. Kwao kazi hiyo ni ya mwanamume mzee wa ukoo, lakini MaGumede alinitazama kwenye kioo akaona mwenyewe kwamba hapa Durban ukoo wetu ni mimi.

Nilimpelekea Mchungaji swali hilo baada ya ibada. Alicheka kwanza, kisha akaona sicheki. "Mufu hapandi taxi, dada Furaha," akaniambia. "Zawadi alishafika." Nikapumua. Nilikaa na amani yangu mpaka nilipompigia Mama simu Uvira na kumsimulia kama kichekesho. Mama hakucheka hata kidogo. Unajua tangu mazishi ananisema kwamba nilimzika mtoto wake kwa watu, kana kwamba mimi ndimi niliyekataa kuusafirisha mwili, si uwezo uliokosekana. Sasa akalia, akasema, "Basi mulete. Mulete mpaka huku."

Mpaka huko, dada! Kwa karatasi zangu hizi za ukimbizi! Nilikata simu nikakaa sakafuni. Sikujua kama naamini. Sikujua kama ni dhambi. Na hata kama naamini na si dhambi, sikujua nakuleta wapi, maana wewe mwenyewe, kila nilipoteleza kusema "narudi nyumbani" nikiwa na maana ya hapa Overport, ulikuwa ukinirekebisha: "Hapa iko pa kulala tu. Nyumbani iko kwetu." Miaka yote hii. Hata mapazia hukutaka tununue mazuri.

MaGumede alileta tawi kutoka Umlazi, limefungwa kwenye gazeti. Lina miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana. Ule uliopinda ndio ulionichoma kwanza.

Nilipanda kwenda juu Jumamosi asubuhi, nikibadilisha teksi, yale mabasi madogo meupe, mara mbili. Njia nzima nilimwomba Mungu anisamehe kama nakosea na anisaidie kama sikosei. Sijui sala ya namna hiyo inaitwaje.

Kijiji chako ni kizuri, nisikunyime haki. Ni kidogo, mawe matupu, kanisa la mawe, duka la jibini, duka la mablanketi ambako wanafuma mbele ya macho yako. Kuna kibao cha njia ya maporomoko na kingine cha treni ya zamani inayotoa moshi kwa ajili ya wageni. Wageni wenyewe walikuwa wamevaa makoti mazito, wanapiga picha za bata. Mimi nimesimama katikati yao na tawi la miiba na sweta langu la saluni. Kama ungekuwapo ungenikana.

Nililipa kiingilio cha nyumba ya mwandishi kwa sababu nilitaka kuona kile ulichokifuata. Miezi mingapi ulinichosha na nyumba ile? Meza iliyo dirishani, taa ya mafuta, kiti chenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Nilikuwa nikisuka watu na wewe unanisimulia kwenye simu habari za yule mwanamke wa kitabuni aliyemwacha mume mjini akapanda kuishi na kondoo, mpaka nikawa nawachukia hao kondoo. Basi nikaiona meza. Nikakiona kiti, na kamba yake. Nikajaribu kusimama pale ambapo ungesimama.

Msichana anayeongoza wageni alikuwa anaeleza habari zake kwa Kiingereza cha kukariri. Alipoliona tawi akanyamaza. Aliwaacha wazungu wake na ile taa, akanisogelea. "Ni yule mama wa benchi?" akauliza. Ndiye aliyekukuta, dada. Anaitwa Nokuthula. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Halafu akaniambia jambo ambalo mpaka sasa silielewi vizuri. Hukuingia ndani. Ulilipa kiingilio, ukafika mlangoni, ukachungulia, ukaona kule nyuma kupitia dirisha la jikoni, ukamuuliza kama inaruhusiwa kupita. Ukaizunguka nyumba ukaenda zako. Nokuthula alidhani umekwenda kutafuta choo.

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika na marehemu, mbele ya mtu. Kitabu kizima, meza, taa, kondoo, halafu unafika mlangoni huingii? Sasa ulikwenda kufanya nini? Nokuthula akasema, "Njoo."

Nyuma ya nyumba hakuna kitu. Hakuna mti, hakuna ukuta. Ni majani tu, majani mafupi ya rangi ya simba, yanapanda na kushuka hadi yanapoingia kwenye ukungu, na upepo unayalaza upande mmoja. Kijito kinasikika lakini hakionekani. Baridi ile ya kuuma masikio. Nikasimama, dada. Nilikuwa na umri mdogo tulipokimbia, wewe ndiye mwenye kumbukumbu, mimi nina vipande tu. Lakini vipande vyangu vyote vilikuwa pale. Zile nyanda za juu ya Uvira. Baba akitangulia mbele kwenye majani. Wewe umenibeba mgongoni na kunifunika kichwa na kitenge kwa sababu ya umande.

Ndipo nikaikumbuka simu yako ya siku ile. Saluni ilikuwa imejaa, mashine za kukausha nywele zinapiga kelele, na wewe unapiga ukelele kuzishinda: "Furaha, huku iko baridi ya kwetu! Iko majani, iko ukungu, ng'ombe tu ndiyo inakosa!" Nilidhani unatania kuhusu hali ya hewa. Nikakwambia vaa soksi.

Basi ulikuwa hukufuata kitabu. Au ulikifuata kitabu kwa sababu hiyo tangu mwanzo, na mimi niliyekusikiliza miezi yote nikasikia kondoo tu. Sijui. Ungeniambia tu, ningekuelewa. Ningejaribu.

Nilikaa kwenye benchi lako na tawi mapajani, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko siku zote. Nimekuja kukuchukua niende nawe nyumbani, na wewe ulijifikisha nyumbani mwenyewe, au mahali panapofanana nako kuliko pote tutakapowahi kupata. Nani ana haki ya kukunyanyua pale akakurudishe kwenye chumba cha ghorofa ya tatu chenye mapazia mabaya? Nililiweka tawi kwenye benchi. Kweli kabisa. Nikanyanyuka nikapiga hatua kadhaa.

Kilichonirudisha ni jambo dogo. Ukungu ulishuka, benchi likapotea nyuma yangu, nikakumbuka kwamba wewe huwezi kulala chumba peke yako. Tangu njia ile ya kukimbia hujawahi. Hata bibi alipokupa kile chumba kizuri cha Westville chenye kitanda chako mwenyewe ulikikataa, ukawa unarudi Overport kila jioni tubanane. Na wewe ulikuwa umekaa pale miezi mitano, dada, peke yako, kwenye kiti cha mbao. Nikarudi mbio. Nikashika tawi likanichoma, nikasema kwa sauti, "Dada, ni mimi Furaha. Nyanyuka. Twende."

Kuanzia hapo sikusema na mtu. Nokuthula nilimuaga kwa kichwa.

Kwenye teksi nilionyesha vidole viwili na kutoa nauli ya watu wawili. Dereva alitazama vidole, akatazama tawi, akazima redio. Hakuna aliyemwambia. Mwanamume mmoja akavua kofia. Mama mmoja akaondoa mizigo yake kwenye kiti cha dirishani, akakipangusa kwa kanga yake, ukakaa. Ni watu wale wale, dada. Wale ambao siku nyingine wakisikia lafudhi yetu wanatuuliza tutarudi kwetu lini. Wewe ndiye uliyenifundisha kwenye teksi nizime simu, na ikiita nijibu kwa minong'ono. Siku hiyo niliongea Kiswahili kwa sauti kutoka mlimani hadi baharini. Dada, tunavuka mto, huu ni Umgeni. Dada, hapa ni Maritzburg, tunabadilisha gari, nishike. Dada, sasa tunateremka. Upande huu Queensburgh, upande huu Westville, barabara ya kwa bibi yako ile pale, robot, taa ya barabarani, imewaka nyekundu, tusubiri. Wote wamekaa kimya kama kanisani.

Tulipokaribia mjini, yule mama wa mizigo akaniinamia akauliza polepole, "Unampeleka ekhaya?" Nyumbani? Nilishukuru kwamba mwiko haukuniruhusu kujibu.

Lakini mlangoni hakukuwa na wa kujificha nyuma yake. Nilipanda ngazi nikikuhesabia ghorofa. Mama Rehema, yule Mtanzania wa chini, alinisalimia mara mbili, nikampita kama sina adabu. Nikafungua kufuli. Na neno likakataa kutoka. Nilisimama pale na mlango wazi, nikikusikia ukinirekebisha. Hapa iko pa kulala tu. Nilifikiri niseme "tumefika Overport." Nilifikiri niseme "tumefika kwangu." Lakini MaGumede alisema usiposikia neno lenyewe utabaki ukumbini, na ukumbi ule una upepo.

Nikasema. "Dada, tumefika nyumbani." Sauti ilikuwa ya mtu anayeiba. Ndiyo mara ya kwanza nililisema neno hilo mahali hapa na hukunirekebisha.

Sijui kama ulinyamaza kwa sababu umekubali, au kwa sababu hukuwapo, au kwa sababu umechoka na safari. Mchungaji sijamwambia. Mama nilimwambia, akauliza swali moja tu, "Amekula?" Nilijibu ndiyo. Nilikuwa nimekupakulia ugali na sombe, kisamvu chetu, nikala mwenyewe sahani zote mbili.

Tawi liko juu ya kabati, upande wako. Linakauka. Nimenunua mapazia, dada, ya kijani. Usiniseme.

Nakuahidi jambo moja tu, maana mengine bado siyajui. Nikihama hapa, hata kama ni kuhamia Queensburgh tu, sitafunga sanduku kabla ya kukuambia. Na siku njia ya kwetu ikifunguka nitatafuta tawi jingine, nitakata tikiti mbili, na nitakutajia kila mto hadi kwa Mama.

Mpaka hapo, lala upande wako. Mimi bado niko ukutani.

Mdogo wako,
Furaha