Kilo Sita Tangini

Jumatatu, 3 Novemba
Barua kutoka Maabara. Wananialika, mimi mstaafu, kwenye kikao cha mwisho cha chombo cha angani, Hujaji. Miaka kumi na mitatu chombo kimeizunguka Zohali na miezi yake. Jumanne ijayo kitatumbukizwa ndani ya sayari, kiungue. Tangi linakauka. Bila mafuta hakiongozeki, na kinaweza kuangukia mwezi wenye maji na kuuchafua. Ni uamuzi wa heshima. Nimechemsha kahawa ya watu wawili – kosa lile lile, tangu nimzike mke wangu Araksi.

Jumatano, 5 Novemba
Mkuu wa kazi, Bi. Marisol Ocampo, alinipa kiti cha mbele. Nilimshukuru kupita kiasi. Dewayne, wa usukani, akapaza sauti: "Mzee wa tangi huyo! Ficheni chai, ataigawa kwa kijiko!" Wakacheka. Nami nilicheka.

Ukutani waliandika mafuta yaliyobaki: kilo mbili. Hesabu yangu! Kule kusiko na uzito tangi halipimiki. Kila injini inapowashwa tunakadiria mafuta yaliyotumika, tunatoa. Nami, kwa hadhari, kila mwaka nilitoa zaidi kidogo ya yaliyotumika. Zimo kilo nane. Hakuna mwingine ajuaye.

Nikanywa chai yao, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 6 Novemba
Sikulala vizuri. Araksi alikuwa mtaalamu wa kamera. Miaka sita iliyopita aliomba kilo tano, chombo kipite karibu na mwezi Dioni, auone ufa wa kusini. Mpango ule aliuandaa kwa miezi kumi na minne. Nilisimama mbele ya wote: "Samahani sana, Daktari, mafuta hayatoshi."

Garini, tukirudi nyumbani, aliniuliza mara moja tu: "Hrant, kweli hayatoshi?"

Nikamjibu kwamba kweli hayatoshi. Kule Beirut, shuleni utotoni, wamisionari walituchapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Nilijiambia kwamba nakilinda chombo. Hapana – nilichelea watu waseme nampendelea mke wangu.

Hakuomba tena.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimempigia simu Bi. Marisol. Niliomba radhi mara nne kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha:

"Mzee Hrant, unajua tunatumbukiza Jumanne?"

Najua, mama.

"Kilo sita! Mungu wangu. Na ule mpango wa Daktari Araksi, bado upo?"

Upo. Kabatini, chini ya shuka zake.

"Ulete leo leo. Nitaahirisha. Ila ripotini itabidi niandike mafuta yametoka wapi."

Nikamwambia aandike. Na jina langu aliandike.

Jumatatu, 10 Novemba
Amri imerushwa saa nne asubuhi. Kufika ni mwendo wa saa moja na dakika ishirini. Jibu kurudi, muda ule ule. Tulikaa. Wapo waliokuwa bado wanaamini kwamba tangi ni tupu. Mimi nilitamani wawe sahihi – Mungu anisamehe! Lingekuwa tupu, nisingekuwa nimemdanganya Araksi.

Injini imewaka hadi mwisho.

Dewayne alinijia taratibu. "Mzee, hujaficha kilo nyingine mfukoni?" Hakungoja jibu. Akanishika bega.

Jumatano, 12 Novemba
Picha zimefika. Ufa upo. Mrefu kuliko Araksi alivyouchora, kuta zake za barafu zimenyooka, nyeupe mno. Chini waliandika: "Kwa ombi la Dk. Araksi Tashjian." Watu wakapiga makofi, wengine wakanigeukia mimi. Nilitoka nje.

Saa kumi jioni. Shushan, binti yangu, amekuja na mikate myembamba ya lavashi. Amekwisha kuisoma ripoti. Hakugomba. Afadhali angegomba! Alipanga mikate mezani, akafuta mikono, akakaa kwenye kiti cha mama yake.

"Baba, mimi ndiye niliyemuuguza Mama siku zile zote za mwisho. Alikuwa akisema, 'Baba yako hajawahi kunidanganya.' Niambie jambo moja tu. Alikuwa anaamini, au alikuwa ananificha kwamba anajua?"

Nikaomba udhuru, nifuate miwani chumbani. Miwani iko usoni. Naandika haya nimesimama.

"Baba?"

Kiti kimesogea. Anakuja –