Mguu Ambao Daktari Hakuuona

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla ya yote, habari za siku nyingi? Shemeji hajambo? Mapacha wanaendeleaje na shule, na yule mmoja bado anakohoa? Sisi tupo. Ningeandika kwamba tu wazima kama barua zinavyotaka, lakini hiyo ndiyo habari yenyewe niliyokaa kukuandikia.

Simu zako zote nimeziona. Sikupokea kwa sababu sina sauti ya kusemea haya, na kaka yako akisikia unapiga anageukia ukutani. Anasema wewe na daktari wako wa kwenye simu ndio mliomkata mguu. Sivyo, wifi. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyotuandikisha kwa huyo daktari wa kwenye simu. Kaka yako aligoma mwezi mzima, akasema daktari asiyeweza kukushika mkono ni mtangazaji wa redio tu. Siku ya kwanza alivaa tai. Daktari alipotokea kwenye kioo cha simu akasimama kwa heshima, binti wa watu akabaki anaongea na mkanda wa suruali. Nilicheka mpaka nikaiangusha simu.

Halafu akanogewa. Kliniki tulikuwa tunakaa kwenye benchi toka asubuhi, na yule muuguzi mnene anamvulisha viatu kila mgonjwa wa sukari pale mlangoni, anamkagua vidole mbele ya watu. Kaka yako alikuwa anakufa kwa aibu. Kwenye simu hakuna wa kumvua viatu. Kila baada ya wiki mbili, Jumatano, anakaa kitini, shati limepigwa pasi, mimi nashika simu. Unamjua, miaka thelathini ya ukarani mahakamani: anajibu alichoulizwa, haongezi. Kipimo cha sukari, anataja. Dawa, anameza. Hali, njema.

Mwezi wa tatu nikamkuta na pini kwenye unyayo. Pini yangu, ile ya kichwa chekundu. Alikuwa amelala mchana, nikawa namvua soksi. Ilikuwa imezama yote na alikuwa akitembea nayo, maana mguu ule ulishakufa ganzi, hausikii kitu. Nikaichomoa, nikaitia kwenye kopo, nikampaka dawa. Alipoamka nikamwambia ni mkwaruzo wa kiatu.

Miaka yote ananiambia niokote pini zangu. Ndiyo sababu nilimdanganya. Nimetafuta nyingine sikuipata.

Kidonda hakikufunga. Kila siku nakiosha, nakifunga kitambaa safi. Yeye akasema tusimsumbue daktari kwa mkwaruzo, nami nikaona afadhali. Jumatano ikifika nakaza mkono, simu isishuke, uso na kifua tu. Siku moja yule binti akauliza moja kwa moja, "Na miguu je?" Kaka yako hajafungua mdomo, nikamjibu mimi: "Miguu salama, mwanangu." Kaka yako akanitazama, kisha akaacha ipite.

Wiki tatu baadaye kikaanza kunuka. Tukachukua teksi mpaka hospitali, daktari wa upasuaji akatazama mara moja tu. Wamekata chini ya goti, leo ni siku ya kumi na tatu. Yule binti wa kwenye simu alipiga, akataka kujua alikosea wapi. Nikamwambia hajakosea, nikakata.

Sijalia bado. Nashona, napika, nambadilishia bendeji. Wanaokuja kutupa pole wananiona jasiri. Hakuna ujasiri hapa, ni kwamba sisikii kitu, kama shavu lililochomwa sindano kwa daktari wa meno. Wazee wenzetu wa jengo hili wanasema ndiyo hayo, matibabu ya kwenye simu. Bibi wa mlango wa pili, mwenye presha, ameshajitoa, na kwenda kliniki kwa ngazi hizi hawezi. Aliniambia kajitoa kwa sababu ya yaliyotupata. Nikamkaribisha chai.

Kwa hiyo wewe usijilaumu. Ulitutakia mema na mema tuliyapata, mimi ndiye niliyeshika simu. Ukitaka kunichukia, una haki. Ila kaka yako usimwache hata akikununia mwaka mzima. Ana wewe tu wa tumbo moja.

Nisalimie shemeji na mapacha wote wawili, na mama mkwe wako umpe shikamoo yangu. Mungu awatunze huko mliko, awape kuambiana mambo mapema.

Wifi yako akupendaye,
Fundi.

Nyongeza: Nimeona si haki uyajue wewe uliye mbali kabla ya aliye chumba cha pili. Nimekwenda kumsomea yote, na la pini. Alisikiliza mpaka jina langu, kisha akaomba simu. Usishangae akikupigia kabla barua haijakufika. Mimi bado hajanisemesha.