Ndunge Hana Pepo

Jumatatu, 2 Februari
Uji umepoa kikombeni. Sare imepigwa pasi, inaning'inia tu. Ndunge amejikunja kitandani ameshika tumbo, kama Jumatatu iliyopita. Wiki jana nilimpeleka zahanati. Walimpima kila kitu wakasema mtoto hana ugonjwa. Hana ugonjwa, lakini hali chakula, halali usingizi, na ana miaka kumi na ameanza kukojoa kitandani. Sasa hicho wanakiitaje?
Nimemwacha alale. Nimeenda kuchuma ndengu peke yangu na hasira zangu.

Jumatano, 4 Februari
Amesema. Tulikuwa tunachambua ndengu, kila mtu macho kwenye ungo wake. Ukimkazia macho mtoto huyu, anajifunga. Ukiwa na kazi mkononi, anafunguka.
Ni Mwende. Rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, aliyekufa Desemba kwa homa. Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliketisha mtoto mwingine pale pale alipokuwa akikaa Mwende, masomo yakaendelea. Hakuna aliyemtaja. Ndunge alipomtaja, aliambiwa awaache waliokufa wapumzike, ashike kitabu.
Ati ashike kitabu! Nilitaka kuteremka mlima huu wote nikamshike huyo mwalimu.

Alhamisi, 5 Februari
Mama mkwe amefika. Susu, watoto wanavyomwita. Ndunge ni jina lake pia. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na baba yake humwita Mwaitu, yaani mama, hata anapomtuma chumvi dukani.
Susu amesikia habari za mkojo. Sijui nani amempelekea. "Mwana wakwa, hii si maneno ya hospitali," akaniambia. "Hii ni kitu imemuingia. Nimeshaongea na pastor. Jumapili anapelekwa mbele."
Hakuniuliza. Nilimmiminia chai.
Najua ni nini hufanyika huko mbele ya kanisa. Binti mmoja wa hapa Kilungu alipelekwa, wakamshika kichwa, wakamkemea mpaka akaanguka kwa kuchoka. Mpaka leo watoto wenzake wanamwita wa mapepo. Anazunguka njia ya mbali ili asipite sokoni.
Ndunge wangu hapana. Labda wanizike kwanza.

Jumamosi, 7 Februari
Baba Ndunge amekuja kutoka Kiboko, kwenye mashamba anakofanya kazi. Nimemweleza. Anasema mama ni mama, na maombi hayajawahi kuua mtu. Nikamwambia maombi sikatai, mimi mwenyewe namwombea kila asubuhi nikikamua ng'ombe. Ninachokataa ni maonyesho. Akatazama viatu vyake. Mwanamume mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya pili, lakini mbele ya mama yake anarudi kuwa mtoto wa chekechea.
Nampenda. Leo amenikera.

Jumapili, 8 Februari
Hatukwenda kanisani. Tangu niolewe hapa sijawahi kukosa nikiwa mzima. Tulikaa uani nikamsuka Ndunge nywele polepole.
Baada ya ibada wakaja akina mama watatu wa kanisa, nyuso za matanga. Niliwakatia maembe. Wakauliza mtoto ana nini. Nikawajibu ana huzuni. Wakatazamana utadhani nimetukana.
Kula maembe walikula.

Jumanne, 10 Februari
Susu amerudi. Anasema namwaibisha mbele ya kanisa, namharibia jina.
Hapo nikafunguka. "Mama, jina si ni moja? Wakisimama pale waseme Ndunge ako na pepo, watakuwa wamesema nani?"
Aliinuka. Akachukua fimbo yake akaondoka, chai haijaguswa. Huku kwetu hakuna anayemjibu mama mkwe hivyo. Niliogopa, tena sana. Nikiulizwa, nitarudia.

Jumapili, 15 Februari
Tulienda. Sitaishi kwa kujificha kama mwizi wa kuku.
Katikati ya ibada, mchungaji akaita Ndunge aletwe mbele. Mtoto akanikamata mkono, kucha zikaingia kwenye nyama. Sikuinuka. Vichwa vikageuka. Nikamtazama mchungaji usoni, nikakaa. Akaita mara ya pili. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa, lakini mkono wake ulikuwa begani kwa mtoto, na haukumsukuma. Hilo nililiona.
Ndipo Susu akainuka kutoka benchi la mbele. Akajikokota mpaka madhabahuni na fimbo yake. "Pastor, Ndunge ndiye mimi. Niombee."
Mtu mmoja nyuma akacheka. Susu akageuka akamtazama, kicheko kikaisha. Mchungaji akamwombea apone magoti, maombi mafupi ajabu, kisha akasoma matangazo.
Nje Susu alinipita bila salamu. Bado amenikasirikia, na ana haki. Ila alisimama kwa Ndunge, akamrekebisha kola na kumwambia aende nyumbani akale.
Nimelia chooni ili wasinione.

Jumatatu, 16 Februari
Shule bado. Nimemwambia mwalimu mkuu Ndunge atarudi akiwa tayari, na akirudi nitaingia naye darasani. Hakufurahi. Sikwenda kumfurahisha.
Tulikwenda kwa mama Mwende. Alikuwa anafagia. Ndunge alisimama pale getini, akasema Mwende aliwahi kuficha panya kwenye mkoba akampeleka shule. Mama Mwende akaketi chini, na ufagio mkononi. Akacheka. Akalia. Akasema tangu mazishi, mtu akiingia kwake anazungumzia mvua tu. Hakuna anayelitaja jina la mtoto wake.
Ndunge akaketi karibu naye. Akasimulia jingine, na jingine. Mwende hivi, Mwende vile. Kisha akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Desemba. Tukamwacha alie.
Njiani aliniuliza kama ule muthokoi wa jana, mahindi na maharagwe, umebaki.