Ghala Lililoitwa la Bernardo

Goweko,
14 Juni 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Nikolaus,

Shikamoo, kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Marcelina na watoto, na joto la Dar es Salaam liwe limewahurumia. Sisi huku hatujambo, ila pengo la baba bado hatujalizoea. Mama anakula, anasali, na jana alimgombeza mbuzi, nikajua anapona.

Kaka, nina habari, na naiandika kifua mbele.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo Kashindye aligawa mali ya marehemu. Mkuki, baiskeli, mizinga thelathini, hakuna aliyenung'unika. Kisha akaenda kwenye ghala la Chama cha Ushirika, akatia kufuli lake mlangoni, akatangaza kwamba ghala na mizani ni vya ukoo. Nilipopinga, akaniuliza kama nimelogwa. Matofali si aliyafyatua baba? Ufunguo si ulikaa kiunoni mwake miaka sita? Na watu wote si husema ghala la Bernardo? Kusema kweli, hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Lakini ndani mlikuwa na nta ya warina asali arobaini na wawili, na mnunuzi alikuwa anakuja kwa treni kutoka Tabora wiki ile ile. Bibi Eustadia, yule mjane jirani yetu, alikuja uani akilia, akauliza kama mwenyekiti akifa basi na jasho lake yeye linazikwa. Maneno yale yalinichoma.

Mimi ndiye katibu, basi nikapeleka shauri kwenye baraza la mtemi. Nilionyesha hati ya kuandikishwa, nikaeleza kwamba siku Serikali ilipotia muhuri, Chama kilizaliwa kuwa mtu mbali na sisi. Kinamiliki, kinashtaki, kinashtakiwa. Baba alikuwa mwenyekiti wake, si mwenye mali. Mzee mmoja wa baraza akauliza mtu huyo mama yake nani, na anakula nini. Watu wakaangua kicheko. Nikajibu kwamba hana mama wala tumbo, ndiyo maana kifo cha baba hakikumuua. Nikaongeza kwamba kama ghala ni la ukoo, basi na deni la magunia ambayo Chama kilikopa ni la ukoo, na ng'ombe wa kulilipa wamo zizini kwa baba mdogo. Hapo baba mdogo alikohoa sana.

Baraza likaamua kufuli litoke, na akalitoa mwenyewe mbele ya umati. Mama akapiga kigelegele, na nguo zake za msiba mwilini! Akasema Bernardo amejenga kitu kilichomzidi umri. Kaka, nililia kwa fahari.

Sasa keti chini. Kila shauri lina mdaiwa, nami niliandika warithi wa marehemu. Karani akataka majina. Mrithi wa kwanza ni wewe, wa pili ni mimi. Basi nimekushtaki, kaka, nimejishtaki na mimi, na sote wawili tumeshindwa. Najua ulitegemea fungu la ghala upate kiwanja huko Ilala. Nilijua hayo nilipokuwa naandika jina lako. Hata hivyo niliandika. Nisamehe, au nikasirikie ukiweza, ila usiseme baba ametuacha mikono mitupu.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwabusu. Mama anataka uje wakati wa Krismasi uuone mlango ukiwa wazi. Na usidhani nimetumia mali ya watu: karatasi hii, wino na stempu nimevinunua mwenyewe dukani kwa Champaklal. Vya Chama sikuvigusa.

Ni mimi mdogo wako,
Dionis Bernardo