Ubao wa Kolekole

Jumatatu, 11 Agosti
Nimepanga sufuria za duka la Baba mara ya tatu. Kubwa chini, ndogo juu. Nimerudi kwa Baba hapa Mchafukoge kujifungua, kama desturi, na sina kazi nyingine.
Runinga imeonyesha boti mpya ya doria ya jeshi la majini. Inaitwa Kolekole. Baba alitumikia Kolekole ujana wake wote. Nikashangilia. Yeye akazima runinga, akaenda kutawadha. Magharibi bado kabisa.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemwambia Baba mtoto akiwa wa kiume nitampa jina lake, Nasoro. Kasema, "Mwenye jina bado yupo." Basi.
Nimeumia. Nyumba zote ninazozijua kuna wajukuu wenye majina ya babu zao walio hai, wanaitana somo na kutaniana. Kwetu kuna nini? Labda anaumwa, ananificha. Labda anaona akilitoa jina na yeye anaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti
Baba alipokwenda msikitini nimefungua kasha lake. Umbea, najua. Picha tatu.
Ya kwanza: boti pana, mzinga mbele, ubao wa jina KOLEKOLE. K ya pili imekatika mguu. Ya pili: boti nyembamba, ndefu, tofauti kabisa. Ubao uleule. K ileile, kilema kilekile. Kumbe ya kwenye runinga ni Kolekole wa tatu! Nimecheka peke yangu.
Picha ya tatu imenichanganya. Boti pana imefungwa gatini, kutu tupu. Haina jina, namba tu. Baba amekaa juu yake kwenye kigoda. Hakuna mtu mwingine.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimekwenda mtaa wa Gerezani kwa Mzee Shirima. Alikuwa fundi mitambo kwenye boti ya Baba, siku hizi anauza vipuri vya malori. Shikamoo yangu kaiitikia akitazama tumbo. "Marahaba. Na mzigo huo umekuja kwa miguu?"
Nimempa picha ya kigoda.
"Ya pili ilipofika tuliamriwa tung'oe ubao kwenye ya kwanza. Skrubu nilifungua mimi. Wote tukahamia boti mpya, Nasoro akaachwa kulinda ile kuukuu. Miaka miwili, mwanangu. Inaelea, injini inawaka, lakini hata mpishi alikuwa anaiita 'ile pale'."
Nimerudi kwa bajaji nikiwaza. Baba nani humwita kwa jina? Mimi, Baba. Mtaa mzima, Baba Zuwena, kwa ajili yangu. Nasoro alikuwa wa Mama tu, na Mama tumemzika mwaka juzi.
Haumwi; anaogopa kubaki 'yule pale'. Nimeona aibu.

Alhamisi, 21 Agosti
Wa kiume. Uchungu sitaki kuuandika. Baba kamwadhinia sikioni. Jina hana mpaka siku ya saba, Jumatano.

Jumapili, 24 Agosti
Nimemwambia Baba yote. Kakasirika, hasa kuhusu kasha. Nimeomba radhi. Nimemwambia jina lake abaki nalo, mtoto ataitwa Salimu. Akatoka nje. Nusu saa baadaye karudi kuuliza kama Shirima bado anavuta sigara.
Nimempigia Shirima. Nimemwomba aje.

Jumanne, 26 Agosti
Shirima kaja. Alianza kuita kuanzia ngazi za chini: "Nasoro! Nasoro, hodi!" Majirani wakachungulia. Baba akaitika "Naam!" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba. Birika mbili za chai. Wameicheka ile K mpaka mtoto akaamka. Shirima kasema atakuja kila Ijumaa. Baba kamwambia aache sigara kwanza.

Jumatano, 27 Agosti
Mbuzi kachinjwa, mtoto kanyolewa. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Shekhe akamwuliza mume wangu jina. Namjua, hukohoa kwanza ndipo aseme. Kabla hajamaliza kukohoa nikasikia sauti ya Baba: "Nasoro."
Nimelia bila haya. Shangazi kadhani ni kidonda cha uzazi.

Ijumaa, 29 Agosti
Mvua kidogo asubuhi. Mtoto kalala vizuri. Baada ya swala Shirima kaita kutoka chini, "Nasoro!" Mtoto akashtuka, akalia. Baba akaitika naam kutoka chumbani, akatoka akifunga vifungo vya kanzu.