Kwa Ouma, Kuhusu Jina Alilolitaka Mama

Mdogo wangu Ouma,

Niaje. Ningeanza na "hujambo" ungenicheka, useme dada yako siku hizi anaongea kama redio. Mimi nipo, lakini sina amani, ndiyo maana namwandikia mtu asiyeweza kunijibu. Walio hai niliowauliza wote wamenijibu haraka mno.

Nimejifungua. Ni mvulana. Tunaishi Kawangware, mimi na shemeji yako, na mtoto ana miezi minne, na mpaka Jumapili iliyopita hakuwa na jina. Tulimwita Boy. Si kwamba jina lilikosekana. Lilikuwepo moja, na Mama aliling'ang'ania: lako.

"Ouma amekuja tena," aliniambia kwa simu nilipotoka tu hospitali. "Amesimama kwa mlango, haongei. Anataka jina yake. Mtoto analia hivyo juu hamjamwita."

Unajua kwetu ilivyo. Marehemu akija ndotoni wakati mtoto amezaliwa, amekuja kudai jina, na mtoto atalia mpaka aitwe. Pamoja na kusoma kwangu kote, sikucheka. Niliogopa, kwa sababu wakati huo nilikuwa nangoja majibu ya damu ya mtoto. Wewe ulikuwa na sikoseli. Mimi nimebeba nusu yake bila kuumwa, na shemeji yako vilevile. Tulijua kabla ya kuoana. Tukaambiwa kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, nasi tukaona hizo tatu zilizobaki ni nyingi.

Nakumbuka chumba chetu cha Kisumu Ndogo kwenye baridi ya Julai. Mama anachemsha maji, mimi najaza chupa na kukufunga magotini kwa leso zake. Ulikuwa huwezi kucheza mpira nusu saa bila kulala kitandani siku tatu, kwa hiyo ukajifanya mtangazaji. Kila mechi kule Olympic ulikuwa kando ya uwanja na chupa tupu ya soda mdomoni. Wavulana walikuita Macho Njano, nawe ukalichukua jina lenyewe ukajiita hivyo kwa fahari. Hata ukiumwa hukunyamaza. "Maumivu yamechukua ball, yamepita goti ya left, yanaingia kati, defence iko wapi? Defence imelala, wadau!" Nilicheka huku nalia, na Mama akatufokea sote wawili tunyamaze tusiwaamshe majirani.

Siku moja uliniuliza, "Sista, hii damu yangu iko na shida gani haswa?"

Nikakwambia nilichosoma shuleni, kwamba seli zako zinakunjika kama mundu.

"Nani amezikunja?"

Sikujua. Ulifariki ukiwa kidato cha tatu, kifua kimebana, na bado nilikuwa sijui. Nilikwenda chuo kikuu na swali lako, na ndilo ninalolifanyia kazi hadi leo.

Basi jibu ni hili. Kwenye damu kuna protini inayobeba hewa, inaitwa hemoglobini. Ni minyororo iliyojikunja, na kwenye mnyororo wako kiungo kimoja kilibadilika, cha sita kutoka mwanzo. Kiungo kilichoingia mahali pake hakipendi maji. Protini ikishatoa hewa yake, hutafuta pa kukificha, inakipachika kwa jirani. Jirani naye anapachika chake kwa mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu ndani ya seli, na seli inakunjika. Hakuna mtu aliyezikunja, Ouma. Yule jirani yetu wa upande wa Silanga aliyesema tumelogwa alikosea, na aliyesema wewe ni mvivu alikosea zaidi.

Wenzangu wa maabara wanachunguza vimeng'enya vya vijidudu vya malaria. Mimi niliomba hemoglobini. Kazi yetu ni kuzibembeleza protini zijipange safu kwa safu mpaka zitengeneze fuwele, punje ndogo kuliko ya chumvi. Unaweka tone, unafunika, unaliacha bila kuligusa, na mara nyingi baada ya wiki nyingi unakuta uji tu. Fuwele ikikubali, tunaituma ng'ambo ikapigwe eksirei, na kutokana na vidoa vinavyorudi tunachora umbo la protini kwenye kompyuta, kiungo kwa kiungo. Natafuta dawa ya kukaa pale katikati ili zisishikane. Inanikera mpaka leo: mimi nazisihi zijipange zinakataa, na kwako zilijipanga bila kuombwa.

Majibu ya mtoto yalitoka mwezi uliopita. Anayo sikoseli.

Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikasikia hasira, hata na wewe. Ile protini naijua kuliko uso wangu, na kujua huko hakukunisaidia chochote. Daktari alisema siku hizi kuna dawa ambazo wewe hukuzipata, na wengi wanakua na kuwa watu wazima. Namwamini. Lakini mtoto bado ana hemoglobini aliyokuja nayo kutoka tumboni, ambayo haishikani, na najua inapungua kila siku, nyingine inachukua nafasi yake. Wageni wanaona mtoto mnene anayecheka. Mimi kila asubuhi nambonyeza vidole kuona kama vimeanza kuvimba.

Kwa Mama, majibu hayo yalikuwa ushahidi kamili. "Si nilikuambia? Ni yeye amerudi." Na mimi karibu nikubali. Wiki hiyo nilifungua umbo la hemoglobini yenye kasoro kama yako kwenye kompyuta, nikaanza kukutafuta. Usicheke. Nililizungusha huku na huku mpaka macho yakauma. Kiungo cha sita kilikuwa pale pale. Wewe hukuwemo. Sauti yako haimo, utundu wako haumo. Hapo ndipo nilipoona kwamba mimi na Mama tumekuwa tukifanya jambo moja. Yeye anakutafuta kwenye jina, mimi nimekutafuta kwenye damu.

Jumapili nilimpeleka mtoto kwake. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua omena. Nilisema kabla hata sijakaa, nisije nikaogopa.

"Mama, sitampa jina la Ouma."

"Unamkataa ndugu yako?"

"Simkatai. Nimeangalia hiyo damu miaka hii yote, Mama. Hayuko ndani. Ugonjwa ni ule ule, lakini mtu si yeye."

Alinawa mikono, akanipokonya mtoto, akamtazama mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipokuzika.

"Sasa huyu ni nani?"

"Sijui, Mama. Bado simjui."

"Alizaliwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua ndiyo lilikuwa linatoka."

Akapangusa macho kwa leso. "Si basi ni Okinyi," akasema kwa ukali, kana kwamba nilikuwa mjinga siku zote hizo. "Mtoto wa asubuhi ni Okinyi. Hiyo jina hakuna mtu anaidai."

Shemeji yako alipoambiwa alisema hata angeitwa Jumatatu angekubali, mradi aitwe kitu. Na Okinyi mwenyewe alilia njia nzima mpaka Kawangware, jina au hakuna jina.

Naogopa, Ouma. Najua kinachokuja, na najua kinavyofanya kazi hadi kiungo cha mwisho, na bado kitamuuma mtoto wangu na mimi nikiwa nimemshika. Siku hiyo ikifika sitaki nimtazame nikuone wewe unaumwa mara ya pili. Nataka nimwone yeye.

Kwa hiyo nakuomba jambo gumu. Usisimame tena mlangoni kwa Mama. Tulikuzuia hapo sisi wenyewe, yeye kwa ndoto zake na mimi kwa fuwele zangu, na hukuwa na deni na yeyote kati yetu. Nenda, mdogo wangu. Tumekuachilia.

Dada yako,
Mama Okinyi