Mwiko wa Msiba

Jumanne, 11 Juni

Dada Vero,

Leo nilimwonyesha mganga titi langu. Ile saratani imekua. Akasema, "Mama Neema, wewe ulienda msibani. Umeiua dawa yangu."

Mimi! Ulipozikwa Majimoto nilijifungia huku Makanyagio, kwa sababu yeye ndiye aliyenikataza kukanyaga msibani nikiwa kwenye dawa. Mama mpaka leo hapokei simu yangu.

Nikamjibu, "Sikwenda, babu. Dada yangu wa tumbo moja, na sikwenda."

Akanisukumia chupa nyingine.

Nimeinywa. Naogopa haitibu, lakini nikiiacha nitakuwa nimekosa mazishi yako bure.

Utotoni ulikuwa unanibakishia ukoko wa wali. Unikumbuke kama mdogo wako wa ule ukoko, dada, siyo kwa kaburi ambalo sikulitupia udongo.